Staa Anakuja Jumamosi, Bwawa la Baridi, Dogo Kashaandikiwa Deni

Jina la lodge nalihifadhi, la msanii pia, msije mkanitafutia kesi. Jueni tu ni Nyahanga, hapa hapa Kahama. Na nyie mnaouliza bwawa la maji ya moto Kahama la nini, njooni mwezi wa saba muogelee saa mbili usiku ndo tuongee. Hela ya dhahabu inazunguka huku tangu Bulyanhulu ianze kuchimba 2001, lodge zinashindana kwa kila kitu.

Mimi ni fundi friji na AC. Alhamisi asubuhi napigiwa simu: mashine ya kupasha bwawa imekufa, staa anaingia Jumamosi. Nafika, namkuta dogo anayetunza bwawa macho mekundu. Fundi wa kwanza kasema mashine imeungua kwa sababu dogo anazidisha dawa, inunuliwe mpya, milioni mbili na nusu. Meneja kamsainisha karatasi akatwe kwenye mshahara. Dogo analipwa laki na nusu kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe.

Nikaangalia pampu, inasukuma maji vizuri. Chujio safi. Kioo cha mashine kinaandika nyuzi 46. Nikatia mkono kwenye maji, baridi mpaka mfupani! Kipimajoto cha kawaida kikasoma 22. Hapo nikajua mashine nzima, ila inadanganywa. Inaamini maji yameshachemka, kwa hiyo inapumzika.

Anayeidanganya ni sensa (siyo ile ya 2022 ya kuhesabu watu). Ni kidude kidogo ambacho joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unashuka. Hii ni ya K 10 kwenye nyuzi 25, ambayo ndiyo nyingi. Kwenye maji ya 22 inatakiwa isome kama K 11 na nusu. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikachomoa plagi yake, nikaweka mita: K 4.2. Nikaitumbukiza kwenye glasi ya barafu, pale ilitakiwa ipande mpaka K 32 hivi. Ikafika 5 na nusu, ikagoma.

Nikafuata waya. Kumbe kuna mahali uliungwa, umezungushiwa tepu nyeusi tu, umelala kwenye shimo la pampu lenye maji. Umeme unapita kwenye unyevu pale kwenye kiungio, mita inaona ukinzani mdogo, mashine inaona joto. Nikakata kabla ya kiungio, nikapima sensa peke yake: 11.4. Nzima kabisa jamani!

Meneja akaja na wazo lake: weka rezista pale, mashine isome 20 muda wote, ichape kazi. Nikakataa. Mashine isiyojua maji yamefika wapi haijui pa kuacha, na Jumapili bwawa lile linajaa watoto. Akanuna. Nikaunga upya kwa risasi, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto, nikauninginiza waya juu ya shimo. Kioo kikasoma 22.

Tatizo likabaki muda. Lita 60,000 kwa mashine ya kilowati 12 ni karibu saa sita kupandisha nyuzi moja tu, na usiku unaibiwa joto. Dogo akafunika bwawa kwa turubai, halali, kila saa anakuja kuchungulia kioo. Jumamosi jioni ikasoma 25.

Staa akaja na watu kumi na mbili. Akakaa ukingoni na miwani usiku ule, akapigwa picha, akapost. Hata kidole cha mguu hakikugusa maji.

Yule fundi wa tepu, naambiwa, ndiye huyo huyo aliyesema inunuliwe mpya. Na karatasi ya dogo ilikuwa bado kwenye faili wiki iliyopita nilipoenda kudai hela yangu. Meneja anasema ataichana akipata nafasi. Nimemwambia dogo aipige picha.