Mtaa wa Nne

Taazia ya mzee yule niliiandika kwa kumbukumbu tu, na nikakosea kijiji alichozaliwa. Alikuwa mchora katuni wa gazeti letu kwa miaka mingi. Miaka mitatu kabla hajafariki alinikaribisha kwake Tandika, tukaongea mchana kutwa. Mahojiano yale yalikuwa kwenye maktaba ya gazeti, ndani ya kompyuta iliyokaa hatua kama kumi na tano kutoka kiti changu. Jioni ile maktaba ikagoma kufunguka. Mhariri anasubiri, ukurasa unatakiwa kiwandani saa mbili usiku, mimi nabofya tu. Nikaandika nilichokumbuka. Asubuhi binti wa marehemu akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu, "Dada, baba hakuzaliwa huko."

Fundi wa mtandao, kijana mpole asiyeongea sana, akaja kuangalia. "Dada, mashine yako nzima. Ila wewe uko mtaa wa nne."

Mtaa wa nne wa wapi tena?

Akageuza karatasi ya prufu akachora. Anuani ya kompyuta ni namba nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255. Yangu ilikuwa 192.168.10.203. Sehemu ya mbele ni jina la mtaa, ya nyuma ni namba ya nyumba, kama vile vibao vya anwani za makazi walivyotubandikia ukutani. Mtaa unaishia wapi? Hilo husemwa na safu nyingine ya namba, inaitwa maski. Zamani ofisi nzima ilikuwa na maski ya 255.255.255.0, yaani nyumba 254 kwenye mtaa mmoja. Wiki ile aliagizwa aibadilishe iwe 255.255.255.192. Namba ya mwisho ikakatika vipande vinne: 0 hadi 63, 64 hadi 127, 128 hadi 191, 192 hadi 255. Kila kipande kina anuani 64, ila ya kwanza ni jina la mtaa wenyewe na ya mwisho ni ya kupigia mbiu, kwa hiyo zinabaki 62. Seva na wakubwa mtaa wa kwanza, wahasibu wa pili, walioajiriwa wa tatu. Wa nne ni sisi makorespondenti, tunaolipwa kwa habari. Maktaba ilikuwa namba 20.

Nilikasirika. Miaka sita naandikia gazeti lile!

Akajitetea. Kompyuta zina kelele, alisema. Ikimtafuta mwenzake inapaza sauti mtaa mzima: nani mwenye namba fulani? Na wote lazima wasikilize. Ukigawa mitaa, kelele zinapungua. Hapo nilimwelewa, maana nimekulia nyumba ya kupanga ya vyumba vinane. Lakini kati ya mtaa na mtaa kuna ruta, na ruta ndiyo mlinzi wa getini. Mtaa nilipewa na hesabu. Aliyemwambia mlinzi asinipitishe alikuwa mtu.

Baadaye nikachimba, ndiyo kazi yangu. Mwaka 1981 anuani ziligawanywa kwa madaraja, kwa kutazama namba ya kwanza. Daraja A, 1 hadi 126: kila mtandao nyumba 16,777,214. Daraja B, 128 hadi 191: nyumba 65,534. Daraja C, 192 hadi 223: nyumba 254. Nusu nzima ya anuani za dunia iliwekwa daraja A. Chuo cha MIT, Marekani, kilipewa mtandao wote wa 18, na mwaka 2017 kikatangaza kuuza sehemu yake. Mwenye kompyuta 300, C haimtoshi, na B ni shamba ambalo hatalilima. Utaratibu wa kukata mitaa midogo uliandikwa 1985, na 1993 madaraja yenyewe yakaachwa. Mstari ukawa unachorwa popote panapofaa. Mafundi bado wanasema "klasi C," kama tunavyotaja mitaa ya mjini kwa majina yaliyokwisha kubadilishwa. AFRINIC, inayogawa anuani za Afrika kutoka Mauritius, ilitambuliwa 2005. Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake ya mwisho. Yaani tulifika shughulini masufuria yanakwanguliwa. Hiyo 192.168 yangu ni ya ndani tu, inarudiwa kwenye ofisi na nyumba chungu nzima duniani.

Mhariri alipoambiwa alishangaa. Kumbe aliyetoa agizo alitaka tu tusione mafaili ya mishahara. Fundi akaongeza mstari mmoja kwenye ruta: mtaa wa nne uruhusiwe kufika namba 20. Haikuchukua dakika mbili. Nikafungua mahojiano. Kijiji kilikuwa kwenye sentensi ya pili.

Masahihisho yalitoka ukurasa wa 2, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Binti yake nikamtumia mahojiano yote, pamoja na pale mzee anapocheka.