Yaki-mwitu wa Kekexili

Katika jimbo la Qinghai, nchini China, upo uwanda uitwao Kekexili, ulioinuka zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Humo huishi yaki-mwitu, ndugu wa ng'ombe mwenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Dume lake huweza kufikia kilo 1,000.

Adui wa mnyama huyu si baridi, bali ni binadamu. Majangili wamemwinda kwa ajili ya nyama. Nao wafugaji wapelekapo mifugo nyikani, yaki-mwitu hupandana na yaki wa kufugwa, na mbegu ya asili ikafifia.

Ulinzi wa nyika hiyo umegharimu damu. Januari 1994 Suonan Dajie, kiongozi wa wilaya ya Zhiduo, aliuawa na majangili wa swala wa Tibet aliokwisha kuwatia mbaroni. Mwaka 1995 Kekexili ikafanywa hifadhi, na mwaka 2017 ikaingia katika Urithi wa Dunia.

Hata hivyo doria peke yake haitoshi. Mfugaji naye anahitaji malisho, na pasipo kugawana nyasi kwa haki, yaki-mwitu hatasalimika.