Usingizi wa Jirani

Mfanya biashara hupima kazi yake kwa vitu viwili: anachotoa na anachopata. Kiko kitu cha tatu ambacho daftari lake halikionyeshi, nacho ni kile anachotoa mtu mwingine asiyepata chochote. Biashara ya kuongoza wageni kutoka baa hata baa ni mfano wa jambo hili, na mji wa Prague, katika nchi ya Ucheki, ni mahali pema pa kuutazama.

Wacheki hunywa bia, kwa hesabu ya kila mtu, kuliko taifa lolote. Bia ya rangi ya dhahabu inayoigwa ulimwenguni kote ilipikwa kwanza katika mji wao wa Plzeň, mwaka 1842. Si ajabu, basi, kijana mwenye ulimi mwepesi na fedha kidogo kuiona riziki mbele yake. Mpango wake hauhitaji duka, ghala wala mtambo. Jioni hukusanya wageni uwanjani, hupokea ada, huwapitisha katika baa tatu au nne, kisha huwaacha katika ukumbi wa dansi. Mwenye baa huletewa wanywaji saa ambazo viti vingekuwa vitupu, naye humpa kiongozi fungu lake. Mgeni hupata wenzi na njia katika mji asioujua. Wote watatu huridhika, na hesabu huonekana safi.

Lakini kati ya baa na baa kuna njia. Juu ya njia kuna madirisha. Nyuma ya madirisha kuna watu waliolala. Mtoto wa shule, mzee mgonjwa na mwoka mikate aamkaye alfajiri hulipia kwa usingizi wao furaha wasiyoalikwa.

Deni lisiloandikwa halifutiki. Januari 2020 serikali ya visiwa vya Balearic, Hispania, ilikataza misafara hiyo katika baadhi ya sehemu za Mallorca na Ibiza. Oktoba 2024 baraza la jiji la Prague liliamua kuzuia misafara ya baa yenye viongozi tangu saa nne za usiku hata saa kumi na mbili za asubuhi. Mtu hakukatazwa kunywa, wala baa hazikufungwa. Kilichokatazwa ni kuuza msafara. Sheria haikumbagua kiongozi mstaarabu na mpuuzi, maana samaki mmoja akioza huoza wote.

Anayenuia kazi hii leo hana budi kuanza mapema, kuchukua kundi dogo, kuwapa wageni chakula na maji, na kuwatawanya kabla mji haujalala. Faida yake itapungua kidogo. Upungufu huo ndio bei halali ya usingizi wa jirani, na heri ailipe kwa hiari kabla ya kudaiwa kwa amri.