Mlio wa kiti cha nyuma

Mke ndiye aliyeusikia kwanza, na kwa wiki karibu tatu hakuna aliyemwamini.

Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kwamkoro, na wakati huo alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kila walipokwenda Tanga alikaa nyuma pamoja na mtoto wao wa miaka mitatu. Wakishashuka mlima na kuingia kwenye lami pale Muheza, gari likifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi, chini ya kiti chake kulianza mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mumewe akikanyaga mafuta, unavuma. Akiachia, unageuka kuwa mluzi mwembamba.

"Baba watoto, kuna kitu kinalia huku nyuma."

Baba watoto alijibu kwamba ni tairi, akaongeza sauti ya redio.

Kwa kweli, mbele alipokaa yeye hakukuwa na kitu cha kusikika. Gari ni Subaru Impreza WRX, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, lenye turbo na eksozi ambayo mwenyewe aliibadilisha ili lingurume zaidi. Alilinunua kwa faida ya misimu kadhaa ya iliki na pilipili manga anazokusanya kwa wakulima wa Usambara Mashariki na kuzipeleka mjini. Kwa barabara ya Amani, yenye mawe na makorongo, gari la chini namna hiyo si chaguo la mtu mwenye kupiga hesabu, na baba yake mzazi alimwambia hivyo siku ya kwanza. Lakini kijana aliyekua akisikia habari za Safari Rally, ambayo Richard Burns alishinda nchini Kenya mwaka 2000 akiwa na Impreza, haambiliki kirahisi. Anasahau tu kwamba nyuma ya dereva yule kulikuwa na kundi zima la mafundi wenye spea mpya, tayari kubadilisha difu kabla haijafa.

Baba yake alistaafu kama fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Jioni moja alikuja kula, mkwewe akamsimulia ule mlio huku mumewe akitazama sahani. Mzee hakwenda kwenye gari. Aliuliza maswali, kama muuguzi mzuri anavyofanya kabla hajashika kipimo. Gari likisimama, injini ikipandishwa sauti, mlio upo? Haupo. Basi si injini. Mkitoka kwenye lami na kuingia vumbi, unabadilika? Hapana, ila unamezwa na kelele za mawe. Basi huenda si tairi, maana tairi hubadili sauti kulingana na barabara. Akiyumba kidogo kushoto na kulia, unazidi upande mmoja? Hapana. Beringi ya gurudumu ingejitaja hapo, kwa sababu uzito wa gari unapohamia upande wake hulia zaidi. Na mguu wa dereva ukitoka kwenye mafuta?

"Hapo ndipo unapogeuka, Baba."

Mzee akamtazama mwanawe. "Hiyo ni difu."

Asubuhi iliyofuata aliomba akae pale pale anapokaa mkwewe. Wakateremka kutoka Amani kuelekea Kisiwani kwa gia ya pili, bila kukanyaga mafuta, redio imezimwa. Hata juu ya mawe mluzi ulisikika. Mteremko una kazi yake katika kupima. Gari linapopanda, injini inalisukuma. Linaposhuka, injini inalizuia, na meno ya difu yanabanana kwa upande wake wa pili. Yakiwa yamelika, yanalalamika kwa sauti nyingine.

Kwa asiyejua, difu ya nyuma ni lile boksi la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Nguvu inafika hapo kwa propela, gia ndogo iitwayo pinioni inazungusha gia kubwa iitwayo krauni, na magurudumu yanakwenda. Ndani yake kuna gia nyingine ndogo zinazoruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke zaidi kuliko la ndani, kwa kuwa linasafiri njia ndefu. Ukihesabu kona kati ya Kisiwani na Kwamkoro utaona gia hizo hazipumziki.

Difu iliyolika inaweza kulia miezi mingi na gari likatembea. Hicho ndicho kinachowadanganya wenye magari. Hatari ni siku itakapogoma: beringi zikishikana au jino likivunjika na kukwama, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla. Milima hii hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ukilowa ni sabuni. Na gari hilo ndilo lililopangwa kumshusha mama Muheza wiki chache kabla ya kujifungua, ili awe karibu na hospitali.

"Gari hili halimshushi mkwe wangu," mzee alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Fundi wa Muheza alilegeza kwanza nati ya juu, ya kujazia oili, ndipo akafungua ya chini ya kumwagia. Si jambo dogo: ukimwaga oili halafu ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari kavu lisilokwenda kokote. Difu ile hubeba oili kiasi cha lita 0.8. Iliyotoka haikufika nusu, nyeusi, yenye harufu ya kuungua. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na tope laini la chuma, ambalo kwa gari la umri huo ni la kawaida. Ambavyo si vya kawaida ni vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, na vilikuwepo. Oili sili ya pinioni ilikuwa imevuja muda mrefu. Tairi za nyuma nazo, moja ilikuwa mpya na nyingine kipara, kwa hiyo zile gia ndogo zilizunguka hata barabara iliponyooka.

Kuifungua na kuijenga upya kungewezekana, lakini krauni na pinioni hupangwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, na gereji zenye vifaa hivyo ni chache. Wakaamua kununua nzima ya mtumba. Ya kwanza ilipatikana Tanga, muuzaji akasema "inaingia." Iliingia kweli, bolti zote zinalingana. Fundi hakuifunga. Aliweka alama ya chaki, akazungusha kwa mkono akihesabu. Ya zamani, pinioni ilizunguka mara nne na kidogo kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Ya mtumba, mara nne na karibu nusu. Moja ni ya meno 37 kwa 9, yaani 4.11, nyingine 40 kwa 9, yaani 4.44. Kwenye gari linalovuta magurudumu manne, tofauti hiyo inafanya mbele na nyuma vigombane mpaka gia za katikati, ndani ya giaboksi, ziungue. Ikarudishwa. Iliyo sahihi ilitoka Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi.

Fedha ilitoka kwenye akiba ya uzazi. Mume alitarajia ugomvi, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Mkewe alimkatiza: "Sikukataa pesa kutumika. Nilikataa kuambiwa ni tairi."

Kazi ilichukua kutwa moja. Gari lilikaa juu ya stendi, si mawe. Propela iliwekewa alama ili irudi ilivyokuwa. Oili sili mpya, oili mpya ya gia, kisha mwendo wa taratibu kwa siku kadhaa na kuchungulia chini kila asubuhi kama kuna tone.

Mama alishushwa Muheza wiki tatu kabla ya siku yake. Alifunga mkanda, kitu ambacho wajawazito wengi huacha wakidhani unambana mtoto: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya matiti.

Zile rimu za alumini alizojivunia mumewe ziliuzwa kwa kijana mmoja wa Tanga, na fedha yake ikanunua tairi nne zinazofanana. Eksozi bado ipo. Mzee ameshaiulizia mara mbili.