Gari la Kulala Pwani: Tuliweke Wapi?

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, au tena mwezi wa Desemba, wazazi wengi wa bara hupatwa na fikra ile ile: kuwapeleka watoto wakaione bahari. Nauli ya basi kwa watu sita si haba, na vyumba vya wageni ni ghali zaidi ya nauli. Basi wako wanaofanya kama tulivyofanya sisi. Tuling'oa viti vya nyuma vya Hiace yetu kuukuu, tukatandika mbao na magodoro mawili, tukatundika mapazia madirishani, na turubai tukalifunga juu ya keria. Hiyo ikawa nyumba yetu ya siku nne.

Huko Marekani mambo haya yamekwisha pangwa siku nyingi. Jamaa huwa na gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, na wakifika pwani hukodi kiwanja chenye namba, chenye nguzo ya umeme na bomba la maji. Kwetu kambi za pwani zenye mpango kama huo ni chache. Mara nyingi utaonyeshwa uwanda wa mchanga chini ya minazi na kuambiwa, "Jichagulieni." Neno hili ni tamu masikioni, lakini mtu wa bara hajui achague nini. Mimi sikujua.

Nitaandika juu ya pwani ya Tanga hadi Pangani, kwa kuwa ndiyo niijuayo. Ni kama kilomita 50 tu, nawe utapita katika mashamba ya mkonge. Mkonge huo, ukitaka kuwasimulia watoto njiani, ulitoka Florida, huko huko kwenye magari ya kulala. Mjerumani Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika mizima 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Tazama basi mashamba yaliyozaliwa na miche 62! Ukishayapita hayo utaanza kuona minazi, na harufu ya chumvi itaingia garini, na watoto hawatasikia tena hadithi yoyote.

Sasa nikusimulie kosa letu, maana bila hilo hutaona kwa nini nasisitiza mambo yanayofuata.

Mwaka wa kwanza tulifika saa moja na nusu jioni. Giza limeingia, watoto wamechoka, na mama yao amechoka zaidi. Mlinzi wa kambi tuliyofikia, ambayo sitaitaja, alituonyesha mahali pazuri mno: mchanga mweupe, mnazi mmoja ulioinama, na bahari iko mbali huko chini iking'aa kwa mwezi mpevu. "Hapa ndipo wageni wote wanapopapenda," akasema. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma ukaelekea majini. Wasichana wetu wawili wakaomba walale nje katika hema dogo, hatua chache mbele ya gari. Tukawaruhusu.

Yapata saa kumi alfajiri mke wangu alinishika bega. "Baba watoto, sikiliza." Mawimbi yalikuwa yanapiga chini ya sakafu ya gari. Nilipoteremka, mguu wangu uliingia majini. Sufuria zilikuwa zinaelea. Lile hema lilikuwa limeangushwa na wimbi, nalo linavutwa huku na huku, wasichana wamo ndani, na zipu imekwama kwa mchanga. Dakika zile sitaki kuzieleza kwa urefu. Nilipasua kitambaa kwa kisu cha jikoni, wakatoka. Yule mdogo alikuwa amemeza maji, akashindwa hata kulia mpaka tulipomfikisha kwenye nyasi. Tulimshukuru Mungu pale pale, tumelowa, tunatetemeka kwa upepo.

Kulipokucha maji yalikuwa yamerudi, na magurudumu ya nyuma yamemezwa na mchanga. Wavuvi wakaja kutusaidia, na kati yao mzee mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmelala baharini?"

Nilidhani ananicheka. "Hapana, babu, tulilala hapa hapa, nchi kavu."

"Leo mwezi kumi na tano," akasema. "Hapa ni baharini."

Akanishika mkono, tukapanda kama hatua ishirini kuelekea minazini. Huko akanionyesha mstari wa mwani mkavu, vijiti, makumbi ya nazi na kandambili moja ya plastiki. "Bahari huandika yenyewe inapofika," akaniambia. "Ninyi wageni hamsomi."

Msomaji, kama hutakumbuka lingine, kumbuka mstari huo. Fika pwani mchana, maji yakiwa yamekupwa, kabla hujafungua hata kamba moja. Tembea. Mara nyingi utaona mistari miwili. Ule wa chini, wenye mwani mbichi, ni wa jana. Ule wa juu, wa takataka kavu zilizochomwa na jua, ni wa bamvua. Gari lako sharti liwe juu ya mstari wa juu, tena si kwa hatua mbili tatu. Sisi tunahesabu hatua hamsini. Palipo na majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau, na nyasi zilizoshika, bahari haijafika siku nyingi. Lakini ukiona minazi iliyoanguka, au mizizi yake iko wazi kama vidole, basi hapo bahari inakula nchi, hata kama mchanga ni mweupe namna gani.

Usidhani natia chumvi kusema bahari inakula nchi. Mbele ya Pangani, upande wa kusini mashariki, kuna mahali paitwapo Maziwe. Palikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na kasa wengi waliokuja kutaga, hata mwaka 1975 kikawekwa kuwa hifadhi ya bahari. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 mti hata mmoja haukubaki. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga huko huhamishiwa pwani ya Ushongo yasizame. Watu hupelekwa kwa mashua kwenda kuogelea hapo na kurudi kabla maji hayajafunika. Nenda ukaone ukipata nafasi. Ni mahali pazuri, tena panatia huzuni kidogo.

Sasa habari ya siku. Wengi wetu hushughulika sana kuchagua mahali, wala hatuangalii mwezi, nao mwezi ni nusu ya shughuli. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili hivi baada yake, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi saba na nane, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu, na bahari haiendi mbali wala haiji karibu.

Tena kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolielewa. Katika pwani yetu hii, bamvua hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo mgeni anayefika usiku wa mwezi mpevu atakuta maji yanakwenda zake, atayaona yako mbali kabisa wakati wa kulala, nayo yatarudi kumtembelea saa ile ambayo usingizi ni mzito kuliko zote. Ndivyo ilivyotupata. Wala hatukuwa wa kwanza kudanganywa na maji haya. Mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu mbele ya Tongoni, si mbali na hapo, likakaa juu ya mchanga mpaka maji yalipojaa likaelea tena. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wamepungua, Wareno walilichoma moto papo hapo. Magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi yake ya zamani, yako njiani, nawe usiyapite bila kusimama.

Kwa wenye watoto wadogo, basi, mimi nashauri juma la maji mafu. Wakati huo maji hujaa kama saa nne asubuhi, watoto wanaoga karibu na mama yao, na jua halijawa kali. Bamvua yafaa kwa wakubwa wanaotaka kutembea juu ya miamba na kuwaona akina mama wa kijiji wakitafuta pweza. Lakini wavae viatu, maana kuna wadudu wenye miiba mieusi mirefu, na mwiba wake ukikatikia mguuni safari imekwisha. Tena wasikae huko mpaka maji yageuke. Bahari haiji mbele tu. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, na mtoto aliye mbali kwenye fungu hujikuta amezungukwa kabla miguu yake haijalowa.

Upepo nao una neno. Mwezi wa Juni ni kusi, nao huvuma kwa nguvu usiku na mchana. Tafuta kambi yenye mivinje minene, uliweke gari nyuma yake, mlango wa kuingilia uelekee kaskazini, la sivyo mtakula mchanga pamoja na wali. Desemba ni kaskazi, joto lipo, na hapo utatamani ule upepo uliokuudhi Juni. Karibu na mikoko usikae wakati wowote. Mbu na usubi hawana likizo. Wala usilale chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake ni kizuri. Sitaeleza sababu.

Gari likizama mchangani, usikanyage mafuta kwa hasira kama nilivyofanya mimi, maana kila mzunguko wa gurudumu ni kuchimba kaburi. Punguza upepo wa matairi karibu nusu, fukua mchanga mbele ya magurudumu, tandika makuti au mbao, kisha ondoka polepole. Uwe na pampu ya mguu ya kujaza tena kabla ya kurudi barabarani.

Maji ya kunywa usiyategemee. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, navyo kambi zenye tangi husahau kulijaza. Sisi watu sita kwa siku tatu, kila mtu lita nne za kunywa na kupikia, ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20 na kidogo cha akiba. Ni mzigo, lakini hakuna aliyeugua tumbo.

Tena, msomaji, pwani ile ina wenyewe. Kigombe ni kijiji cha wavuvi, na ndivyo vilivyo vijiji vingine. Ukitaka kulala nje ya kambi, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, utoe salamu na kueleza haja yako. Usisimamishe gari mahali panapovutwa ngalawa wala panapoanikwa nyavu. Binti zako na wajifunge kanga wakitoka majini kwenda dukani. Samaki nunua kwao, wala usipunje bei mpaka mtu akaona haya. Watu hawa ndio watakaokuja kukusukuma asubuhi.

Jumapili tuliwasha gari mapema tukaenda kusali, tukarudi kabla ya chakula cha mchana. Watoto walinung'unika kwenda, lakini waliporudi walikuwa na marafiki watatu wapya wa kucheza nao.

Ukifika nyumbani, siku ile ile, osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini, kwenye breki na ekseli. Sisi tulichelewa juma moja, na kutu iliyotokea bado iko mpaka leo.

Tumekwenda mara nne tangu usiku ule. Yule binti aliyemeza maji sasa ni mkubwa, naye ndiye wa kwanza kuteremka garini tukifika. Hasemi na mtu. Hushuka mpaka kwenye mstari wa mwani mkavu, hugeuka, akapanda juu akihesabu hatua kwa sauti. Kama hajafika hamsini, hamruhusu mtu yeyote kugusa magodoro, hata mimi.