Injini inalewa petroli, kompyuta inasema ni baridi

Wajameni, leo sitaandika kuhusu Linux wala tovuti. Nitaandika kuhusu gari, ingawa mkivumilia hadi chini mtaona ni habari ya kompyuta vilevile.

Gari lenyewe ni saluni ya mwaka 2002 iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Mnamo Julai 2024 lilianza ulafi. Lilizoea kwenda kilomita 12 kwa lita moja, likashuka hadi 8, na petroli Nairobi wakati huo ilikuwa karibu shilingi 190 kwa lita. Ukisimama nyuma yake unanusa petroli mbichi, na moshi ulikuwa mweusi. Rangi ya moshi si jambo dogo. Wa samawati ni oili inayoungua, mweupe mzito usioisha ni maji ya rejeta yanayopenya ndani ya injini. Mweusi ni petroli iliyokosa hewa ya kuiunguza.

Injini ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Enzi za kabureta, gari lililorekebishwa vizuri Mombasa lilikuwa likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, linaanza kutoa masizi kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na kabureta haina habari. Gari la injekta linapima hewa lenyewe, kwa hivyo kisingizio hicho hakipo.

Nilipeleka gari kwa fundi wangu. Akafungua plagi, zote nyeusi na kavu kama chungu cha kuni. "Bosi, hii imezidisha mafuta," akasema, na hapo alikuwa sahihi ndani ya dakika tano, bila kifaa chochote. Halafu akaongeza: "Tuanze na sensa ya oksijeni. Ikikataa, tutafute kompyuta nyingine Kirinyaga Road."

Hapo ndipo sisi watu wa programu tunapokunja uso. Kubadilisha vipande kimoja baada ya kingine mpaka tatizo liishe ni sawa na yule jamaa ambaye kila kompyuta ikisumbua anaweka Windows upya. Wakati mwingine inafaulu, lakini hujui ni kwa nini. Tena kompyuta ya gari iliyotolewa kwa gari lingine huenda isikubali ufunguo wako. Nikamwambia, "Fundi, nipe siku mbili." Gari likalala nyumbani, nami nikapanda matatu. Kuendelea kuliendesha hivyo ni hatari: petroli isiyoungua inaenda kuungua ndani ya katalisti iliyo kwenye ekzosi, na joto lake linaweza kuiyeyusha. Hiyo ndiyo gharama iliyoninyima usingizi, si ya petroli.

Magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001 yana soketi ya uchunguzi, kwa kawaida chini ya dashibodi. Nilichomeka kifaa cha bei nafuu cha ELM327, nikaandika skripti fupi ya Python ya kuuliza maswali. Lugha yake ni rahisi ajabu. Unatuma 0105, maana yake "maji ya injini yana joto gani?" Inajibu 41 05 na namba moja ya heksadesimali. Igeuze kuwa ya kawaida, toa 40, umepata nyuzi za Selsiasi.

Kwanza niliangalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kusikiliza sensa ya oksijeni. Sifuri. Sifuri tupu, haisogei. Mtu angefurahi, lakini injini inayotoa moshi mweusi ilipaswa kuonyesha hasi kubwa, kompyuta ikijaribu kupunguza. Nikauliza 03, hali ya mfumo wa mafuta. Jibu: 01. Maana yake kompyuta bado haisikilizi sensa ya oksijeni kwa sababu inaamini injini haijapata moto. Na nilikuwa nimeiwasha nusu saa nzima!

Nikauliza joto. 41 05 48. Heksadesimali 48 ni 72, toa 40, nyuzi 32. Ukigusa mpira wa rejeta unaungua mkono. Sindano ya dashibodi ilikuwa katikati kama kawaida, kwani kwenye gari hili ina sensa yake na waya wake, na feni vilevile. Kompyuta peke yake ndiyo iliyodhani ni baridi, ikawa inamimina petroli ya kuwashia injini asubuhi, safari nzima. Na taa ya injini haikuwaka, maana nyuzi 32 si namba ya ajabu. Sensa ingekatika kabisa kompyuta ingeona nyuzi 40 chini ya sifuri na kulalamika.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha, nikauliza tena. Hewa nyuzi 14, maji nyuzi 6. Gari lililolala usiku kucha haliwezi kuwa na maji baridi kuliko hewa kwa kiasi hicho.

Nikang'oa sensa, nikaitia kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto na multimita. Sensa ya aina hii upinzani wake unashuka joto likipanda. Kwenye nyuzi 20 nilipata kama omu 2,500, kwenye 80 kama 320. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilitaka kufika 100 lakini maji ya Nairobi huchemka karibu na 95, hata usubiri.

Kumbe sensa ni nzima. Nikageukia soketi ya waya wake: pini moja ilikuwa na kutu ya kijani, na peke yake iliongeza omu 1,200 hivi. Nikakata soketi, nikafunga nyingine ya shilingi 400, nikachomelea waya. Nikawasha, nikangoja. 41 05 7D. Nyuzi 85. Hali ya mafuta ikageuka 02, na marekebisho yakaanza kuchezacheza juu na chini ya sifuri.

Fundi alisafisha plagi, akabadilisha oili iliyokuwa imeanza kunuka petroli, akaniuliza nilikonunua kile kifaa. Sasa ana chake. Katalisti ilipona, na sensa ya oksijeni ni ileile.