Moto wa Makosa kule Mafinga

Mwenye kutoka Iringa mjini kwenda Mbeya hushuka kwanza Ipogolo, akavuka Mto Ruaha Mdogo, akapita Tanangozi na Ifunda, na baada ya kilometa kama 80 hujikuta Mafinga, wilayani Mufindi. Hata kabla ya kuona nyumba, pua humwambia kuwa amefika. Ni harufu ya utomvu wa paini na mbao zilizopasuliwa asubuhi hiyo hiyo. Malori yamejipanga kando ya barabara, na mbao zimepangwa uani kama mikate.

Tulikwenda huko mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, sisi na baba watoto pamoja na watoto wetu watatu. Tulialikwa kwenye moto. Ndiyo, msomaji mpendwa, si arusi wala kipaimara. Ni moto tu.

Baba watoto ana marafiki ambao hupenda useremala, ingawa hakuna hata mmoja anayeufanya kwa riziki. Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu. Mwingine ni dereva wa lori, mwingine karani. Yupo pia mama mmoja mshonaji, aliyeshika randa kwa mara ya kwanza baada ya kuchoka kumsubiri mumewe atengeneze mlango wa banda la kuku. Sisi tulioolewa na watu hawa tunaijua gharama yake: maranda ndani ya mchele, gundi kwenye shati la kanisani, na meza iliyoahidiwa Pasaka ambayo hufika Krismasi, tena ikiwa na miguu mitatu inayogusa sakafu na mmoja unaoning'inia.

Mara moja kwa mwaka hukutana kuwasha moto, na sharti lao ni moja. Kila mtu huja na kazi yake iliyoharibika, husimama mbele ya wenzake, hueleza kosa lake bila kumsingizia mtu wala chombo, kisha huitupa motoni.

Katikati ya miti

Mchana mwenyeji wetu alitutembeza kando ya shamba la miti la Sao Hill. Ni shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Ukijumlisha na misitu ya asili iliyomo ndani ya mipaka yake, eneo lote linazidi hekta 130,000. Paini imesimama kwa mistari iliyonyooka, na chini yake hakuna kinachoota sana, ila zulia la majani makavu membamba kama sindano. Watoto walipokimbia juu yake hatukusikia hata kishindo cha miguu.

Mwalimu alituonyesha kwa nini kazi nyingi za wanafunzi wa useremala huharibika. Mbao mbichi, alisema, imejaa maji. Ukiipiga randa leo ikanyooka, baada ya wiki chache itakauka, itajikunja, na kiungo ulichokibana vizuri kitaachia. Fundi mwenye subira huzipanga mbao kivulini, akiweka vijiti kati ya moja na nyingine ili hewa ipite, na kungoja miezi. “Mbao haitaki kuharakishwa,” alisema, “kama vile mtoto.” Tuliyatia maneno hayo moyoni.

Kicheko uani

Jioni tulikusanyika uani, mbali na nyumba na mbali na nyasi, ndoo mbili za maji zikiwa tayari. Kwanza walichambua kuni, na jambo hilo lilitufurahisha sisi wauguzi. Vipande vya mbao zilizopakwa rangi viliwekwa kando, na vile vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa pia, ambavyo huwa na ukijani. Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki. Ukizichoma, sumu hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu. Mama, usizichome kuni za namna hiyo wala usipikie, na majivu yake usiyapeleke bustanini.

Baada ya sala na chakula, yaani ugali, maharage, viazi vya kuchoma na chai ya Mufindi yenye tangawizi, moto ukawashwa. Dereva alikuwa wa kwanza. Alinyanyua droo nzuri kabisa. “Kosa langu,” alisema, “niliitengeneza bila kupima kabati.” Karani alileta kigoda chenye kuegemea upande mmoja. Alikuwa amekata mguu mmoja ili ulingane na mingine, kisha mwingine ulingane na huo, mpaka kikabaki kimo cha sahani. Mama mshonaji alikiri kwamba alitumia mkasi wake wa kushonea kung'olea misumari. Baba watoto alileta rafu ya vitabu ya mbao mbichi, iliyojikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Tulicheka hadi machozi.

Paini haiungui kimya. Utomvu na maji yaliyofungwa ndani yake hupata joto, hutanuka na kupasuka kwa kishindo. Cheche moja iliruka ikamwangukia kijana mmoja mkononi. Bibi mmoja alikwisha kuitisha dawa ya meno. Tulimwomba radhi, tukaumwagilia mkono ule maji safi ya baridi, yakitiririka polepole kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta hufungia joto ndani na kukichafua kidonda. Kijana akarudi kucheka.

Jiko la ukarimu

Saa nne usiku watoto walikuwa wamelala chumbani, na baridi ilikuwa ikipenya chini ya mlango. Ndipo tulipomwona mama mwenyeji akichota makaa mekundu kwa koleo, akiyatia kwenye jiko na kulielekeza chumba cha watoto. “Sista, wanangu hawa wa mjini watakufa kwa baridi,” alisema kwa huruma. “Hayana moshi kabisa haya.”

Tulitazamana na baba watoto. Mgeni kumkatalia mwenyeji wake ukarimu, tena mtu aliyekuzidi umri, ni jambo zito. Lakini miaka iliyopita tulipokea wodini familia iliyolala na jiko la mkaa. Baba na mama walizinduka. Mtoto wao mdogo hakuzinduka. Makaa yasiyo na moshi ndiyo humdanganya mtu, kwa maana hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi. Aliyekwisha kulala hapati onyo lolote.

Tulimshika mkono tukamwambia yote hayo kwa sauti ya chini, asiaibike mbele ya wageni. Alinyamaza. Kisha akalirudisha jiko uani, akasimama mbele ya moto mahali waliposimama wengine.

“Na mimi nina kosa la kutupa,” alisema. “Kila mwaka mwezi huu nalaza wajukuu wangu na jiko. Wakiamka wanalia vichwa, mimi nasema ni malaria.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mumewe alivua kofia, akasema kosa hilo ni lao wote wawili. Akayapindua makaa yale motoni.

Watoto walilazwa wawili wawili, wakaongezewa blanketi. Chupa za maji ya moto zilifungwa sana, zikaviringishwa taulo na kuwekwa miguuni. Nasi tuliukalia moto hadi ukafifia, ukamwagiwa maji, ukakorogwa na kumwagiwa tena.

Asubuhi tulipoagana, mama mwenyeji alitukumbatia, akamtania baba watoto kwamba mwaka ujao alete rafu mbaya zaidi. Jiko lilikuwa nje, limejaa umande.

Mama msomaji, huenda kwako si Mafinga. Huenda ni Njombe, Lushoto, Kinangop au Limuru, mahali ambapo baridi huwafanya watu kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Usiku huu, kabla hujawafunika wanao, litoe. Na ukiwakuta wamelegea au wanalia kichwa chumbani lilipo jiko, wapeleke kwanza kwenye hewa safi, kisha hospitali bila kungoja asubuhi. Jirani yako naye mwambie, kwa upole, kama dada. Atakayekuwa wa kwanza kusema “nilikosea” atawarahisishia wenzake.